Kwotesheni tatu za sola, fundi nimchague nani?

Dada mmoja wa Kibaha kaniandikia, nafupisha: ana nyumba ya vyumba vitatu, bati la msauzi, umeme wa TANESCO (shirika la umeme) upo ila unakatika ovyo hasa usiku, anataka sola ibebe friji, tivii mbili, feni tatu, taa kama kumi, ruta ya intaneti na pampu ya kisima ya hosipawa moja. Anasema LUKU, umeme wa kulipia kabla, ya elfu kumi inamkaa siku sita. Amepata kwotesheni tatu. Wa kwanza milioni 3.9, alimpa kwa simu ndani ya dakika kumi. Wa pili ni kampuni, milioni 6.85, PDF ina rangi na picha za familia inacheka. Wa tatu ni fundi aliyemfungia jirani yake miaka miwili nyuma, alikuja mpaka nyumbani akapanda juu ya bati, milioni 7.3, ila anataka asilimia 80 mkononi kabla hajaanza na hatoi risiti. Mume wake anamtaka wa kwanza. Yeye anaogopa, anauliza achague yupi na atajuaje kama fundi ni fundi kweli.

Dada yangu, pole na hongera kwa pamoja, maana wengi wanaonitafuta huwa wameshalipa tayari, wanakuja na picha ya inveta iliyoungua, ile mashine ya kugeuza umeme wa betri na paneli uwe wa nyumbani, wanauliza "hii inatengenezeka?" We umeuliza kabla, tuko vizuri.

Nianze na kitu ambacho hakuna muuzaji atakwambia. Uniti moja ya LUKU ya kawaida inakutoka kama shilingi 356, ndo maana elfu kumi inakupa uniti 28 na ushee. Siku sita, maana yake unatumia kama uniti 4.7 kwa siku. Kwa mwaka ni kama laki sita na kidogo. Sasa chukua milioni 7.3 gawa kwa laki sita, unapata miaka 12, na hapo nimejifanya kama sola itakufuta TANESCO yote, na haitafuta. Kwa hiyo fundi yeyote akikwambia "mama hii inajilipa ndani ya miaka mitatu", mwache amalize soda yake aende. Wewe hununui umeme wa bei rahisi, unanunua usiku wa kulala na feni na nyama isiyooza. Ni sababu nzuri kabisa, mi mwenyewe nimefunga kwangu kwa sababu hiyohiyo, ila ukijua unanunua nini ndo utajua nani anakuuzia hicho kitu na nani anakuuzia maboksi.

Haya, tuje kwenye hesabu kidogo, usikimbie, ni ya darasa la nne. Friji yako ya kawaida kama uniti 1.2 kwa siku. Feni tatu za wati 60 masaa nane, 1.44. Tivii mbili tuseme 0.6. Taa kumi za wati 9 masaa matano, 0.45. Ruta haizimwi, 0.24. Pampu kama dakika 45, 0.75. Jumla 4.68. Unaona ilivyokaa sawa na ile ya LUKU? Ulichoniandikia ni kweli na hauna kitu kikubwa umekisahau. Mi huwa nafanya hivi kwa kila mteja, nachukua hesabu ya vifaa nailinganisha na hesabu ya LUKU, zikipishana sana najua kuna hita ya maji au jiko la umeme mtu kaficha.

Na hapa ndo kipimo changu cha kwanza cha fundi, na kama nina kipimo kimoja tu cha kukuachia basi ni hiki: je aliuliza nini kabla hajataja bei? Yule wa kwanza alikuuliza una vyumba vingapi, basi. Vyumba havili umeme dada. Hakuuliza friji inawashwa lini, hakuuliza pampu ni ya hosipawa ngapi, hakuuliza umeme ukikatika unakatika kwa masaa mangapi, hakuuliza bati lako linaangalia wapi. Huyo ana mzigo wa aina moja dukani, anaupeleka kwa kila mtu, kwa mganga anaenda, kwa mchungaji anaenda, kwako pia unakuja.

Na tuuangalie huo mzigo wake maana umenitumia picha. Inveta ya kilowati 5 ya volti 24, betri mbili za asidi za 200Ah (ampia-saa, yaani ujazo wa betri), paneli sita za "wati 300". Mtu asiyejua anaona kilowati tano kwa milioni 3.9 anasema Mungu mkubwa. Ngoja nikuonyeshe. Wati 5,000 ukigawa kwa volti 24 ni ampia 208. Betri zako mbili zikiunganishwa ili zitoe volti 24 bado ni 200Ah ileile. Yaani siku ukiitumia hiyo inveta kwa jina lake unaziambia betri zijimwage zote ndani ya lisaa limoja, na betri ya asidi inataka kunywewa polepole, masaa kumi huko, ukiikamua hivo inatoa kama nusu tu na inakufa mapema. Kwa hiyo hiyo kilowati tano ni maandishi kwenye boksi. Afu betri ya asidi ukitaka ikae usiishushe chini ya nusu. Betri mbili zina uniti 4.8 kwenye karatasi, nusu ni 2.4. Usiku wako, kuanzia jua linazama mpaka linachomoza, kwa hesabu yangu unakula kama 3.2, weka na inveta yenyewe inayojilia wati 50 hivi hata kama huna ulichowasha, ifanye 3.8. Saa nane usiku inveta inaanza kupiga kelele tii tii tii, watoto wanaamka, mume wako anatoka na taulo anauliza kuna nini. Kuna milioni 3.9, baba.

Halafu hizo paneli. Siku moja Kariakoo niliingia duka moja, sitalitaja, wana paneli ukutani imeandikwa wati 300 kwa maandishi ya kupendeza. Mi natembea na futi kamba mfukoni, kila fundi wa sola angetembea na futi kamba. Nikaipima, mita 1.2 kwa sentimita 67. Hiyo ni 0.8 ya mita ya mraba. Jua kali la kipimo cha maabara ni wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, na paneli nzuri za saivi zinageuza kama asilimia 21 hadi 23 tu kuwa umeme. Piga hesabu, haifiki wati 190 hata ikiwa ni paneli nzuri kiasi hicho, na ile ilikuwa sio nzuri. Nikamwambia muuzaji, akanijibu bila aibu, "mjomba hiyo ni teknolojia mpya". Teknolojia mpya ya stika. Kwa hiyo ukienda kuona mzigo wa mtu yeyote, chukua futi kamba ya fundi cherehani kama huna nyingine, zidisha urefu kwa upana, zidisha mara 210, ukipata namba iko mbali na ya kwenye stika ondoka. Paneli ya kweli ya wati 550 ni mita 2.28 kwa 1.13, ina kilo 28 hivi, mtu mmoja hawezi kupanda nayo ngazi akiwa anaongea na simu.

Betri nazo pima kwa uzito. Betri ya asidi ya 200Ah ya kweli ni kilo 55 na kuendelea, ukiibeba mwenyewe ukaweza, hiyo ina maji na matumaini.

Wa kwanza tumemalizana naye. Mwambie shemeji yangu hapo nyumbani kwa upole, milioni 3.9 sio rahisi, ni milioni 3.9 afu baada ya mwaka na nusu betri mpya, afu baada ya hapo inveta.

Sasa wa pili, kampuni ya PDF. Vifaa vyao sio vibaya, inveta ya haibridi (inayochanganya sola, betri na TANESCO) kilowati 5 ya volti 48, betri ya lithiamu ya uniti 5.12, paneli nane za wati 550. Betri hiyo ukiitumia asilimia 90 inakupa 4.6, usiku wako wa 3.8 unapita na chenji. Hapo sawa. Ila paneli nane za 550 ni wati 4,400. Mahitaji yako, tuchukue 4.7 kwa siku, ongeza inayoliwa na inveta mchana na usiku, tufike kama 5.9. Kwa Pwani huku mi huwa nahesabu masaa manne na nusu ya jua kamili kwa siku, sio kumi na mbili, maana jua la asubuhi na jioni ni la kuanikia nguo tu, afu natoa robo kwa joto, vumbi na nyaya. Inakuja wati 1,750 hivi. Ongeza kidogo kwa ajili ya masika, tuseme 2,200 mpaka 2,700. Sasa 4,400 za nini? Ningependa kuamini wanakupenda sana, ila ukweli ni kwamba hawajafika kwako. Wamechukua kwotesheni ya mtu mwingine wakabadilisha jina. Na angalia ukurasa wa mwisho, mstari mmoja umeandikwa "vifaa vidogo na ufundi", milioni 1.1. Vifaa vidogo vipi?

Hapo kwenye vifaa vidogo ndo nyumba zinapoungulia, kwa hiyo ngoja nikae hapo kidogo.

Nitakuhadithia aibu yangu mwenyewe. Miaka yangu ya mwanzo nilimfungia mzee mmoja nje kidogo ya mji, sola ndogo tu, na upande wa paneli nikaweka breka ya kawaida, hizi za ukutani za TANESCO, kwa sababu ilikuwepo kwenye begi na ya DC, ya umeme wa paneli, ilikuwa mbali Kariakoo. Ilifanya kazi miezi kadhaa. Siku moja mzee akanipigia, kuna harufu. Nilifika nikakuta breka imeyeyuka kama mshumaa, plastiki imetiririka mpaka kwenye ubao, na ubao una alama nyeusi ya ukubwa wa kiganja. Umeme wa TANESCO ni AC, unakwenda na kurudi, kila sekunde unapita kwenye sifuri mara 100, kwa hiyo breka ikifunguka cheche inajizimikia yenyewe. Umeme wa paneli ni DC, unasukuma upande mmoja tu bila kupumzika, breka isiyo yake ikifunguka ile cheche inaendelea kuwaka humo ndani kama mashine ya kuchomelea. Mzee alinisamehe, mi sijajisamehe vizuri, na toka siku hiyo hamna breka ya AC inayogusa waya wa paneli wangu.

Kwa hiyo muulize fundi, "upande wa paneli unaweka breka gani?" Akijibu "breka tu mama, breka ni breka", umeshapata jibu. Muulize waya wa betri kwenda inveta ni milimita ngapi. Kwa volti 48 na wati 5,000 ni ampia 104, mi naweka waya wa milimita 35, mwingine atakwambia 25 kama umbali ni mfupi, sio mbaya. Akikwambia 10 au 16 mwambie asante. Muulize nyaya za juu ya bati ni zipi, zinatakiwa ziwe zile za sola zenyewe za milimita 4 au 6 zenye ganda linalovumilia jua, sio waya wa nyumba uliobaki saiti ya jana, ule ganda linapasuka kwenye jua, mvua ikiingia ndo utaelewa. Muulize arthi, waya wa kupeleka umeme ardhini, inachimbiwa wapi na kama kuna kinga ya radi. Huku Pwani wakati wa masika radi sio hadithi, na paneli ni fremu ya alumini umeipandisha juu ya nyumba, arthi isiposhikana nazo vizuri umejitundikia kengele.

Kwenye kwotesheni hivi vyote vinatakiwa viwe mstari mmoja mmoja, jina, saizi, idadi, bei. Mstari wa jumla ni pazia.

Yule wa tatu sasa. Umenitumia karatasi yake, imeandikwa kwa mkono, kuna doa la chai, na ni kwotesheni nzuri kuliko zote tatu. Paneli sita za wati 450, jumla 2,700, ileile niliyoipata mimi na sijawahi kuongea naye. Inveta haibridi kilowati 5, na kaandika pembeni kwa nini, "pampu inaruka kuwaka". Kweli, pampu ya hosipawa moja inavuta kama wati 1,000 ikishatulia, ila sekunde ile inawaka inaweza kuvuta mara tatu mpaka sita, kwa hiyo inveta ndogo ingekuwa inazima nyumba nzima kila ukijaza simtenki. Kaandika milimita za waya. Kaandika breka ya DC. Kaandika fimbo ya arthi. Kaandika boksi la peke yake la laini zinazobebwa na sola, maana pasi, heta na jiko la umeme zinabaki TANESCO, huo ndo ufundi wenyewe. Na ulisema alipopanda juu alikuuliza kuhusu mwembe wa jirani. Dada, hapo mi nilishampenda.

Ule mwembe uko upande wa kaskazini wa nyumba yako, sio? Sisi tuko kusini ya ikweta, jua letu muda mrefu wa mwaka linapita upande wa kaskazini, mwezi wa sita saa sita mchana linakuwa limelala kaskazini kama nyuzi 30 hivi kutoka utosini. Mti wa mita kumi unatupa kivuli cha karibu mita sita kwenye bati lako mchana kweupe. Na paneli zimefungwa mfululizo kama mabehewa, kivuli kikikaa kwenye moja zinapungua na nyingine, sio ile tu. Fundi anayekwambia "elekeza kusini" kajifunzia kwenye video za Ulaya, wao ndo kusini, sisi kaskazini. Ingawa niseme ukweli, huku kwetu karibu na ikweta upande sio kitu cha kufa nacho, bati likiangalia mashariki na magharibi bado utapata umeme wa kutosha, kivuli ndo adui. Na ziwe na mwinamo walau nyuzi 10 ili mvua iwe inaziosha, ukizilaza kabisa vumbi linaganda pale chini kwenye fremu.

Bati nalo. Mteja wangu mmoja wa Bunju alifungiwa na mtu mwingine, mvua ya kwanza dari la sebuleni likaota ramani. Nilipanda, nikakuta jamaa katoboa kwenye mabonde ya bati, kule maji yanakopita, afu kaziba na silikoni. Unatoboa kwenye mgongo wa bati, skrubu ina raba, na inaenda kushika papi au kenchi, sio bati peke yake, maana upepo wa baharini ukiingia chini ya paneli sita una nguvu ya wanaume kumi. Muulize wa tatu anatoboa wapi. Najua atajibu sawa ila muulize tu, na yeye ajue unajua.

Sasa kasoro zake, maana nazo ni kubwa. Asilimia 80 mkononi na hamna risiti, hapana. Sisemi ni mwizi, mafundi wengi hawana mtaji, wanahitaji hela ya vifaa, mi nimepitia huko. Ila hela yako ikishatoka mkononi huna kauli tena, siku akipata kazi kubwa Dodoma utakuwa unapiga simu haipokelewi. Mpe mpango huu: hela ya vifaa mnaenda kulipa pamoja dukani, unalipa wewe, risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, inatoka kwa jina lako, waranti inaandikwa jina lako, mzigo unakuja kwako. Hapo yeye hahitaji mtaji na wewe hubaki na wasiwasi. Atapoteza ile komisheni yake ya dukani, kwa hiyo usimbane sana kwenye hela ya ufundi, ongeza kidogo. Ufundi wenyewe mpe theluthi akianza, theluthi akimaliza, iliyobaki baada ya wiki tatu sola ikiwa inafanya kazi. Fundi anayejiamini atanuna kidogo afu atakubali.

Kuhusu risiti na waranti watu wanachukulia poa mno. Paneli zinaandikwa miaka 25, inveta nyingi mwaka mmoja mpaka mitano, lithiamu mitano mpaka kumi. Ile 25 ni ahadi ya kiwanda China huko, ya kwako wewe ni duka la hapa na karatasi yenye serial namba, namba ya utambulisho ya kila kifaa. Piga picha namba zote, paneli zote sita kabla hazijapanda juu maana stika iko mgongoni, zikishafungwa huzioni tena. Na muulize swali hili, kwa maneno haya: "inveta ikifa mwakani nani anaishusha, nani anaipeleka, na mimi nakaa siku ngapi gizani?" Wengi hawajawahi kuulizwa, utaona macho.

Leseni sasa. Kazi ya kufunga umeme wa nyumba inatakiwa ifanywe na mtu mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, na haibridi inaingia kwenye mtandao wa nyumba yako moja kwa moja, sio kama zile taa za sola za kuning'iniza. Mwambie akuonyeshe, soma jina, soma daraja, soma tarehe ya kuisha. Cheti cha chuo cha ufundi cha VETA ni kizuri ila cheti sio leseni. Hii sio urasimu tu, mtu asiyejua anaweza akaunganisha inveta ikawa inarudisha umeme kwenye waya wa TANESCO wakati wamezima, na juu ya nguzo kuna kijana wa watu anatengeneza. Kama wa tatu hana leseni, kuna mafundi wanaofanya kazi na mwenzao mwenye nayo, aje huyo mwenzake akague na asaini, jina lake liwe kwenye karatasi.

Na nenda kwa jirani. Umesema kamfungia miaka miwili nyuma, huu ni utajiri dada, wengine wanaonyeshwa kazi ya wiki iliyopita, kila sola inapendeza wiki ya kwanza kama bwana harusi. Nenda saa mbili usiku, sio mchana. Omba kuona ilipofungwa. Nusa, kuna harufu ya plastiki? Weka mgongo wa kiganja karibu na breka bila kugusa waya, vuguvugu sawa, moto hapana. Angalia maungio, kuna selotepu nyeusi imezungushwa mahali? Betri iko wapi, chumbani kwa watoto au stoo yenye hewa? Afu muulize jirani swali moja tu, mara ya mwisho ilipozingua fundi alikuja baada ya siku ngapi. Usiulize kama ilizingua, kila sola inazingua siku moja, hata zangu.

Kwa hiyo jibu langu: wa tatu, kwa masharti ya malipo niliyosema na leseni ya mtu. Akikataa hata moja, rudi kwa wa pili uwaambie waje nyumbani wapande juu, wapunguze paneli ziwe tano au nne, na ule mstari wa milioni 1.1 waufumue. Wakija bei itabadilika, usishtuke ikipanda kidogo, itakuwa sasa ni bei ya nyumba yako. Wa kwanza msalimie tu.

Siku ya kukabidhiwa msikubali ile ya kuwasha taa moja na kupiga makofi. Mchana wa jua, betri ikiwa haijajaa, washa pampu na vitu vingine, soma kwenye kioo cha inveta paneli zinaleta ngapi. Kwa 2,700 yako ukiona kama 2,000 umefika, bati likiwa la moto paneli zinapoteza zaidi ya kumi kwa mia, ni kawaida. Betri ikiwa imejaa utaona wati 200 tu, usimkabe fundi, inveta inapunguza yenyewe kwa sababu haina pa kupeleka. Afu saa moja jioni zima meni switchi ya TANESCO, lala kama unavyolala siku zote, andika betri asilimia ngapi jioni na ngapi saa kumi na mbili asubuhi. Ikiamka na 20 au zaidi umepata ulichonunua.

Na kabla fundi hajaondoka mwambie akuonyeshe kwenye menyu ya inveta pale pa aina ya betri. Nimekuta nyumba nyingi wamefunga lithiamu ya mamilioni afu menyu imeachwa kwenye betri ya asidi kama ilivyotoka kiwandani, betri inachajiwa isivyo, mwenye nyumba anahangaika mwaka mzima anasema lithiamu ni uongo. Ni vibonyezo vitatu tu.

Ukishaongea na wa tatu kuhusu malipo nitumie hiyo karatasi yake mpya WhatsApp, hata kama ina doa la chai, hasa pale alipoandika nyaya.